Kuchagua Lugha ya Upande wa Seva: Mwongozo kwa Anayeanza

Teknolojia ya upande wa seva ni lugha ya programu, pamoja na zana zake, inayofanya kazi kwenye kompyuta inayotunza tovuti na si kwenye simu ya anayeitazama. Ndiyo inayopokea fomu, kukagua neno la siri, kuchota rekodi kwenye hifadhidata na kutunga ukurasa kabla haujatumwa. Anayeanza kujifunza kazi hii Mwanza, awe mwanafunzi wa chuo kule Malimbe au fundi wa kompyuta mwenye kibanda chake mjini, hukutana na majina mengi kwa mkupuo: PHP, Python, Node.js, Java, Ruby, Go, ASP.NET. Kila moja ina wanaoisifu na wanaoiponda, na wengi wao hawasemi wameipima kwa kazi gani. Pasipo kazi mahususi, swali la ipi ni bora halina jibu.

Kazi itakayotumika hapa ni ndogo na inaeleweka kando ya Ziwa Victoria: mfumo wa kutangaza bei za dagaa na samaki kutoka soko la Mwaloni, Kirumba. Dagaa hushushwa hapo kutoka visiwani, pamoja na sangara wa chumvi waitwao kayabo, kisha hupakiwa kwenda mikoa mingine na nje ya nchi, hasa Kongo. Tuchukulie kwamba karani mmoja sokoni ataingiza bei kila asubuhi kwa simu janja, na mchuuzi aliye Nansio, Ukerewe, ataisoma kabla ya kupakia mzigo wake. Wenye vitochi, yaani simu zisizo janja, wataiuliza kwa kubonyeza namba za USSD, menyu ya maandishi isiyohitaji intaneti. Rekodi moja ina mambo machache tu: tarehe, aina ya bidhaa, kipimo, bei na jina la aliyeiingiza.

Ombi linavyosafiri

Mchuuzi anapogusa kiungo, simu yake hutuma ombi la HTTP lenye anwani ya ukurasa. Seva ya wavuti kama Apache au Nginx hulipokea na kulikabidhi kwa programu iliyoandikwa kwa lugha iliyochaguliwa. Programu husoma kinachotakiwa, huuliza hifadhidata kwa SQL, hupata safu kadhaa za bei, huzipanga ndani ya HTML na kuzirudisha. Kwa mwenye kitochi safari ni ileile, isipokuwa ombi hupitia kampuni ya huduma za USSD na jibu huwa maandishi matupu.

Katika mlolongo huo lugha ya upande wa seva imeshika sehemu moja tu. HTTP haibadiliki, HTML haibadiliki, na SQL hubadilika kidogo tu kutoka MySQL kwenda PostgreSQL. Anayeelewa kwa nini fomu ya karani hutumwa kwa ombi la POST, la kupeleka data, na orodha ya bei husomwa kwa ombi la GET, la kuchukua data, amepata ujuzi atakaohama nao popote. Ndiyo maana lugha ya kwanza haipaswi kumnyima mtu usingizi: zaidi ya nusu ya atakachojifunza si mali ya lugha hiyo.

Hoja ya kasi nayo iwekwe mahali pake mapema, kwa sababu ndiyo inayopoteza muda wa wanaoanza kuliko zote. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa zinazowavuta usiku wa giza. Mbalamwezi iking'aa, mitumbwi mingi hupumzika. Maombi ya bei nayo yatapanda na kushuka kwa kalenda hiyo. Tuseme siku za giza huleta maombi 2,000 kwa saa. Hiyo ni chini ya ombi moja kwa sekunde, kazi ambayo lugha yoyote kati ya zilizotajwa huifanya bila kutoka jasho. Kinachomchelewesha mchuuzi ni umbali. Nuru ndani ya nyuzi za kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo kilomita 10,000 za kebo kutoka Mwanza haiwezi kujibu, kwenda na kurudi, kwa muda ulio chini ya sekunde 0.1, hata ikiwa imeandikwa kwa lugha yenye kasi kuliko zote duniani. Jedwali dogo la bei, kwa upande wake, husomwa kwa milisekunde chache. Majedwali ya kushindanisha kasi za lugha yanaweza kungoja mpaka mfumo uwe na watumiaji wengi kweli.

PHP

PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994 na kutolewa kwa umma mwaka uliofuata. Kwa hesabu za W3Techs, tovuti inayopima matumizi ya teknolojia za wavuti, inaendesha zaidi ya asilimia 70 ya tovuti ambazo lugha yake ya upande wa seva inajulikana, na sehemu kubwa ya hizo ni WordPress. Moodle, ambayo vyuo vingi huitumia kwa masomo ya mtandaoni, ni PHP. Ushahidi, jukwaa la ramani lililozaliwa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, lilisambaa duniani kwa toleo lililoandikwa kwa PHP.

Nguvu yake kwa anayeanza ni kwamba hakuna masafa marefu kati ya kuandika na kuona. Faili moja iitwayo bei.php ikiwekwa kwenye folda, na amri php -S localhost:8000 ikiandikwa kwenye terminali, ukurasa unafunguka kwenye kivinjari. Kuupeleka mtandaoni pia ni rahisi, kwa sababu karibu kila kampuni ya kupangisha tovuti, hata ile ya bei ya chini kabisa, huuza nafasi yenye PHP na MySQL tayari.

Kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana. Kwa kawaida PHP huanza upya kwa kila ombi na kumaliza kila kitu ombi linapojibiwa. Karani akiingiza kitu kilichoivuruga programu, hitilafu hufa na ombi hilo hilo, na mchuuzi anayefuata hupata ukurasa wake kama kawaida. Kwa mtu anayejifunza kwa kukosea, tabia hiyo ina thamani kubwa.

Udhaifu upo. Majina na mpangilio wa vitendakazi vyake haufuati kanuni moja: strpos hutaka kwanza maandishi yanayotafutwa ndani yake, in_array hutaka kwanza kitu kinachotafutwa. Kubwa zaidi ni wingi wa mafunzo ya zamani. PDF nyingi zinazozunguka vyuoni bado zinafundisha mysql_query, ambayo iliondolewa kabisa katika PHP 7.0 mwezi Desemba 2015. Mwanafunzi anayeikuta kwenye somo aliache somo hilo na kutafuta linalotumia PDO, njia ya kisasa ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata. Laravel, fremuweki (kiunzi cha msimbo kilicho tayari) iliyoanzishwa na Taylor Otwell mwaka 2011, hupanga vizuri mradi unaokua, ila hakuna haraka ya kuianza: anayeiingia kabla ya kuandika fomu mbili tatu za PHP tupu hatajua ni kipi kinafanywa na lugha na kipi kinafanywa na Laravel.

Python

Python ya Guido van Rossum ilitoka mwaka 1991 na inasomeka kwa urahisi kuliko nyingi, kwa kuwa nafasi mwanzoni mwa mstari ndiyo inayoonyesha mistari ipi inakwenda pamoja. Kwa wavuti hutumika zaidi kupitia fremuweki mbili. Flask, ya mwaka 2010, ni nyepesi na humwachia mwandishi achague mengine yote. Django ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na asili hiyo ya gazetini bado inaonekana: imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoingiza habari kila siku chini ya shinikizo la muda.

Hapa ndipo mfumo wa Mwaloni unapofaidika. Mwandishi akishaeleza kwenye faili la Django kwamba kuna kitu kiitwacho Bei chenye tarehe, bidhaa, kipimo na kiasi, mistari michache zaidi inatosha kupata kurasa za kuingiza, kusahihisha, kutafuta na kufuta rekodi, zenye majina ya watumiaji, maneno ya siri na mamlaka ya nani aguse nini. Skrini ya karani imekamilika. Kwa PHP tupu, kazi hiyo ingeandikwa kwa mkono, fomu kwa fomu. Uganda, upande wa pili wa ziwa, U-Report ilianza mwaka 2011 kuuliza vijana maswali kwa ujumbe mfupi ikiwa imejengwa juu ya RapidSMS, ambayo ni Python na Django.

Python pia ndiyo lugha ya wachambuzi wa takwimu. Bei za miaka miwili zikishakusanyika, msimbo wa kuzichambua na kuchora grafu utaandikwa kwa lugha ileile. Anayewaza kufanya kazi na watafiti wa uvuvi, na Mwanza ina kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, alipe uzito jambo hili.

Ugumu wake uko kwenye kuipeleka mtandaoni. Nafasi nyingi za bei nafuu za kupangisha tovuti haziiendeshi vizuri, na mara nyingi hulazimu kukodi seva pepe ya Linux, kusimika Nginx pamoja na Gunicorn, inayoendesha programu ya Python, na kuhakikisha vyote vinaamka vyenyewe seva ikizimwa na kuwashwa. Tofauti ni kama ya kupanga chumba na kukodi kiwanja: kwenye chumba mwenye nyumba anashughulikia umeme na paa, kwenye kiwanja kila kitu ni juu ya mpangaji. Seva pepe ndogo hupatikana kwa takriban dola 4 hadi 6 za Marekani kwa mwezi, na mara nyingi hulipiwa kwa kadi, jambo ambalo mwanafunzi alipange kabla hajaanza.

Node.js

JavaScript ilitungwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa ajili ya kivinjari. Ryan Dahl aliipeleka upande wa seva kwa Node.js mwaka 2009. Mvuto wake ni kuandika lugha moja mbele na nyuma, na kwa aliyekwisha kujifunza JavaScript ya kurasa, mvuto huo ni wa kweli. Kenya wanaitumia kwa kazi nzito: eCHIS, mfumo wa wahudumu wa afya ya jamii, umejengwa juu ya Community Health Toolkit, ambayo upande wa seva ni Node.js na hifadhidata ya CouchDB.

Tofauti yake na PHP iko kwenye namna ya kungoja. Mchakato mmoja wa Node hushughulikia maombi mengi kwa zamu: linalosubiri hifadhidata huwekwa pembeni na jingine huendelea. Hilo ni zuri kwa seva, lakini humtaka mwandishi afikiri kwa mpangilio usio wa kawaida tangu siku ya kwanza. Akisahau neno await, linaloiambia programu ingoje jibu, mbele ya swali la hifadhidata, mchuuzi wa Nansio anaweza kuona maandishi [object Promise] mahali pa bei ya dagaa. Na kwa kuwa mchakato ni mmoja, hitilafu isiyodakwa huuangusha wote pamoja na maombi ya kila aliyekuwa ndani, mpaka zana kama PM2 iuamshe tena.

Bando nalo lina sauti yake. Node huchukua vipande vingi kutoka npm, ghala la maktaba za JavaScript, na mradi wenye zana za kisasa za upande wa mbele unaweza kupakua mamia ya megabaiti kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa. Django yenyewe hupakuliwa kwa megabaiti zisizofika 10. Anayetegemea bando la simu ataihisi tofauti hiyo mfukoni, hasa anapofuta folda ya node_modules na kupakua upya kila kitu kinapogoma.

Java na nyinginezo

Java haifai kuwa lugha ya kwanza ya wavuti kwa anayejifunza peke yake. Spring, fremuweki yake kuu, ina mengi ya kueleweka kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguka, na programu ya kawaida ya Spring hula mamia ya megabaiti za kumbukumbu, kiasi cha kuibana seva pepe ndogo. Hata hivyo asiidharau mtu anayetafuta ajira kwenye taasisi kubwa. DHIS2, inayotumiwa na Wizara ya Afya ya Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya afya, ni Java. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ni Java pia.

Ruby on Rails, ya mwaka 2004, ni nzuri, na Laravel iliazima mawazo kwake, lakini karibu na ziwa wanaoijua ni wachache, na anayekwama atakwama peke yake. Go ya Google ni nyepesi na yenye kasi, ila inafaa zaidi baada ya lugha nyingine. ASP.NET, tangu lilipotoka toleo lake la Core mwaka 2016, haifungwi tena kwenye Windows. Ichaguliwe na ambaye mwajiri wake anatumia zana za Microsoft.

Jaribio la kuzipima

Njia ya uhakika ya kulinganisha ni kuandika kitu kilekile kwa lugha mbili, na USSD ni jaribio zuri kwa sababu halihitaji HTML wala urembo. Africa's Talking, kampuni ya Nairobi, hutoa mazingira ya majaribio ambamo simu ya kuigiza huonekana kwenye kivinjari. Mtumiaji akibonyeza, seva hupokea ombi la POST lenye namba ya simu na sehemu iitwayo text, ambamo majibu yake yote yameunganishwa kwa nyota: aliyechagua 1 kisha 2 huonekana kama 1*2. Seva hujibu maandishi yanayoanza na CON ikiwa mazungumzo yanaendelea, au END ikiwa yamekwisha, na skrini hubeba takriban herufi 182 tu.

Kazi basi ni kukata maandishi hayo kwenye nyota, kujua mtu yuko hatua gani na kumpa bei. PHP hukata kwa explode("*", $text). Python na JavaScript kwa text.split("*"). Zote tatu, zikipewa maandishi matupu ya hatua ya kwanza, hurudisha orodha yenye kipengele kimoja kitupu, wala si orodha tupu kama wengi wanavyodhani. Anayehesabu urefu wa orodha ataruka menyu ya mwanzo katika lugha zote tatu. Baada ya jaribio hilo mwanafunzi ajiulize ni katika lugha ipi alielewa ujumbe wa hitilafu bila msaada, na ni ipi iliyompa jibu haraka alipofungua mwongozo wake rasmi. Miongozo ya PHP na Python hupakuliwa mizima na kusomwa bila mtandao. Kigezo hicho kina maana zaidi ya umaarufu.

Mambo yanayofanana kote, na yasiyofanana

Bei ihifadhiwe kama namba nzima ya shilingi na uzito kama namba nzima ya gramu. Katika JavaScript na Python, 0.1 ukijumlisha 0.2 huleta 0.30000000000000004, na PHP ina hesabu hiyohiyo ndani yake ingawa echo huificha. Saa za rekodi zihifadhiwe kwa UTC na kuonyeshwa kwa ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, uliopo katika lugha zote.

Kwenye usalama ndipo lugha zinapoachana. Swali la SQL lisitungwe kamwe kwa kuunganisha maneno ya mtumiaji; liandikwe kwa nafasi wazi, mfano SELECT bei FROM mauzo WHERE bidhaa = ?, na thamani ipelekwe kando. PDO ya PHP na viunganishi vya Node huliwezesha hilo lakini havimlazimishi mtu. Django hulifanya yenyewe kwa maswali yake ya kawaida. Neno la siri lisihifadhiwe jinsi lilivyoandikwa: PHP ina password_hash ndani yake tangu toleo la 5.5, Django hushughulikia bila kuulizwa, Node hutaka mwandishi achague mwenyewe njia au maktaba. Msimbo hatari ulioandikwa kwenye fomu ya jina la bidhaa huzimwa na violezo vya Django na vya Laravel. Echo ya PHP tupu huutoa kama ulivyo mpaka utumike htmlspecialchars. Kwa kipimo hiki Django inamlinda anayeanza kuliko nyingine zote zilizojadiliwa hapa, na hilo si jambo dogo, kwa sababu anayeanza hajui bado ni wapi pa kuogopa.

Mfumo utakaohifadhi majina na namba za simu za wachuuzi unaingia pia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zikusanywe taarifa zinazohitajika tu, na Tume inayosimamia sheria hiyo iulizwe kuhusu usajili kabla ya kuufungua kwa umma. Kuhusu mahali pa seva, ikumbukwe kwamba tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Huduma ya watu wa Mwanza, kama bei inaruhusu, itafutiwe seva iliyo ndani ya nchi.

Uamuzi

Kwa mfumo wa Mwaloni wenyewe, Django ndiyo inayofaa zaidi, mradi kuna fedha ya seva pepe na mtu wa kuitunza. Pasipo hayo, PHP tupu yenye PDO itafanya kazi hiyo kwenye nafasi ya bei nafuu, na wateja wadogo wa mjini, kuanzia hoteli hadi maduka ya vipuri, wataendelea kuagiza WordPress kwa miaka mingi. Anayeijua JavaScript tayari aende Node bila hofu, ila asikubali kuandika await bila kuelewa inangoja nini. Java ije baadaye.

Aliyekwisha kuchagua asibadilishe lugha kabla ukurasa wake haujatumiwa na mtu mwingine. Aupeleke sokoni asubuhi mizigo inaposhushwa, ampe karani simu, akae kimya na kutazama vidole vyake vinakwama wapi. Atakayoyaona hapo ndiyo ya kurekebisha kwanza.